Tangi la Daktari, Kibuyu cha Shangazi

Tangu nirudi sijakaa barazani kwa amani. Nikishika kikombe cha chai, mtu anavuta kiti na kuuliza: ni kweli nyuki walimfukuza daktari ndani ya gari lake? Ni kweli dereva Juma alitawadha kwa pombe? Kila ninayemsimulia nusu huenda akaongeza chumvi yake, na juzi nimeisikia habari yangu mwenyewe pale sokoni ikiwa na chui ndani yake. Basi haya ndiyo yaliyotokea, Bukoba mpaka Kyerwa na kurudi. Anayetaka chui amtie mwenyewe.

Kwanza mlijue gari. Lilikuwa lori kuukuu la jeshi lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyuma limejengewa nyumba ya mbao yenye kitanda, kabati, meza nyembamba ya kulaza mgonjwa na beseni la kunawia. Chini ya sakafu kulifungwa tangi la bati nene. Bomba la chuma lilipanda kutoka tangini mpaka kwenye pampu ya mkono kando ya beseni, nawe ukisukuma mpini, maji yanatoka. Mwenye gari alikuwa Daktari Desai, Mhindi mfupi wa miwani minene, aliyezunguka vijijini akitoa watu mtoto wa jicho. Mimi kazi yangu ilikuwa maji tu: tangi, pampu na mabomba. Siku aliponichukua aliniambia, "Kamugisha, daktari asiye na maji ni mchinjaji."

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kwenda. Shangazi Kokushubira, dada yake baba, aliolewa Kyerwa, na mama alipofariki ndiye aliyenichukua na kunilea. Macho yake yalifunikwa na utando mweupe, mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anaujua mlango kwa upepo wake. Daktari alinikubalia kwamba kituo chetu cha mwisho kingekuwa nyumbani kwake. Ila alinionya kuwa atapasua siku moja tu na kugeuza, kwa kuwa masika yalikuwa karibu, na mvua ikishika zile njia za Karagwe gari hulala huko mpaka zikauke.

Bukoba mpaka Kyaka

Juma dereva alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa sala tano na maneno mengi. Tangu tunatoka mjini aliniita Bwana Mkubwa, maana anasema Mhaya hata akibeba spana huibeba kama fimbo ya enzi. Mimi nikamwambia aangalie barabara.

Ilikuwa barabara ya mashimo, na bomba la chuma halipendi mashimo. Tulipopumzika nilitazama nyuma nikaona mstari mweusi kwenye vumbi, umetufuata tangu tulikotoka. Kiungo kimoja kilikuwa kimelegea na tulikuwa tunainyeshea barabara. Nikalala chini ya lori, nikafungua kiungo, nikazungushia katani iliyopakwa rangi na kukaza upya. Nilipotoka nilikuwa mwekundu kwa vumbi tangu kichwani, na mama mmoja aliyekuwa akichoma ndizi kando ya njia akanipa mbili bila kuuliza bei wala jina. "Kula, mwanangu," alisema. "Aliyekutuma chini ya hilo dubwana hakupendi."

Daktari alitoka na chupa yake ya chai akanitazama nikila. Akauliza kama katani itashika. Nikamwambia itashika. Tukavuka Kagera pale Kyaka, nami sikio langu lote lilikuwa chini ya sakafu.

Kyaka mpaka Bugene

Katani ilishika, lakini pampu nayo ilikuwa na lake. Kuna kiduara cha ngozi mle ndicho kinachovuta maji, na ngozi hiyo isipolowa hukauka na kusinyaa, kisha unasukuma mpini mpaka bega liteguke na hupati ila upepo. Tulipanda vilima tangi likiwa karibu tupu, na tulipofika Bugene pampu ilikuwa inakohoa. Daktari aliisikia, akaanza kufuta miwani. Nilikuja kujua kwamba akifuta miwani amekasirika.

Niliingia duka dogo la kando ya njia kuomba mafuta. Mwenye duka alikuwa mama aliyetoka Muleba, upande wetu, na aliponisikia naongea Kihaya cha kwao hakunipa mafuta kwanza. Alinikalisha, akanipa kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akauliza habari za baba, za mwalimu wa kanisa letu, na za mti mmoja ulioangukia shule. Nje Juma anapiga honi. Ndipo akaleta samli ya ng'ombe kwenye jani la mgomba. "Ngozi ni ngozi," alisema. "Yangu naipaka hii hii." Nikaipaka ile ya pampu, nikaiacha ilale katika samli wakati tunakula, na jioni ilivuta maji kama mpya.

Asubuhi yake tulimchukua nesi Elizabeti pale Nyakahanga. Huyo ni Mnyambo, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini ambayo sijaona mtu akiikataa. Kazi yake ilikuwa kutafsiri Kinyambo na kuwaangalia wagonjwa waliopasuliwa, na kubaki nyuma na wale wa kituo cha mwisho, maana mtu akitolewa mtoto wa jicho hufungwa kitambaa na kulala kimya siku nyingi. Alipanda mbele na kumwambia Juma apunguze mwendo. Juma akapunguza.

Nyabiyonza

Hapa ndipo yalipoanza matata, nasi wote tulikuwa tunacheka.

Mwenyeji wetu alikuwa Ta Bernado, Ta kwao ni kama Mzee, mkulima wa kahawa mwenye shamba la migomba linalotia giza mchana. Alituchinjia mbuzi. Daktari Desai hali nyama, hata mchuzi wake, na aliposema hivyo kwa adabu zote, uso wa mwenyeji ulianguka. Aliniita pembeni.

"Fundi, daktari wenu ni mgonjwa?"

"Hapana, Ta. Ndiyo desturi ya kwao."

"Mtu mzima, tena mganga, anakula maharage na ndizi kama mwanamke aliyejifungua?" Akatikisa kichwa kwa huruma. "Basi tumtendee nini tusimwaibishe?"

Daktari mwenyewe aliomba maji ya kunywa. Hapo ndipo alipomuumiza zaidi. Kule mgeni hapewi maji matupu. Maji ni ya ng'ombe na ya kupikia, na anayempa mgeni wake maji ametangaza kwamba nyumbani kwake hakuna kitu. Ta Bernado alipiga kofi moja, wanawe wakaleta omuramba, yaani maji ya ndizi mbivu zilizokamuliwa kwa nyasi, kabla hayajachacha. Yalikuwa baridi na matamu. Daktari alikunywa kibuyu kizima, akafuta sharubu, akasema kwa Kiswahili chake cha dukani, "Hii nzuri kupita maji. Hii mimi naweza kunawa nayo hata mikono."

Elizabeti akatafsiri. Uwanja mzima ukashangilia, Ta Bernado akapona kabisa, na sote tukaona jioni imekwisha vizuri. Tulikaa siku mbili pale tukipasua, Elizabeti akawafundisha wanawake wa pale kuwatunza wagonjwa tutakaowaacha, na pampu haikunisumbua. Nilichosahau ni kwamba watu wa Nyabiyonza wana miguu, na wana ndugu Kyerwa.

Kyerwa

Tulifika kwa Shangazi alasiri. Alikuwa amesimama uani, ameshika nguzo, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza radio. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Akanishika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye paji, pua na masikio. "Umekonda. Au wameniletea mwingine?"

Wote wakacheka, nami nikacheka nao ili nisilie. Wakwe zake watatu, wake za wanawe, walikuwa wamesimama nyuma yake, na ua ulinukia ndizi mbivu tangu langoni. Ule mtumbwi mkubwa wa mbao wa kukamulia ulikuwa umejaa pomoni. Siku nzima walikuwa wamekamua kwa ajili yetu.

Tangi lilikuwa limebaki na maji ya kunawa mtu mmoja. Nikawaonyesha wale wakwe mdomo wake, nikawaambia chemchemi ni mbali, mtusaidie kulijaza, ni la daktari la kunywa na kunawa. Kisha Daktari, Elizabeti nami tukaenda kumwamkia chifu mdogo wa pale, kama ilivyo heshima, naye hakutuachia mpaka jua linazama. Juma alikuwa amelala chini ya mgomba. Tuliporudi tangi limejaa, nikawashukuru sana, tukala, tukalala.

Alfajiri nilisikia Juma ananiita kwa jina langu, bila Bwana Mkubwa. Alikuwa amechuchumaa kwenye koki ndogo ya chini ya tangi, mikono imeinuliwa mbele kama mtu aliyeshika kitu kisichoonekana.

"Kamugisha, njoo uniambie. Haya ni maji gani yanayonata?"

Nikaonja. "Omuramba."

"Ni pombe ama si pombe?"

Nikanusa. Ilikuwa imelala usiku kucha kwenye tangi lenye joto, na povu limeanza. "Bado. Ila iko njiani."

"Basi mimi nimo njiani pamoja nayo," alisema Juma, akaenda kutafuta maji ya kweli, akinung'unika njia nzima.

Jua lilipotoka wagonjwa walikuwa wameshaketi kwenye majani mbele ya gari, kumi na kitu, wengine wametembea kutoka mbali. Daktari alisukuma mpini. Pampu ikakoroma, ikatema povu la rangi ya udongo na vipande vya nyasi, kisha ikakwama. Na nyuki wakaja. Kwanza mmoja mmoja, kisha wakawa kama wameitwa kwa jina. Waliingia dirishani, wakakaa kwenye beseni, kwenye koki, kwenye meza ya kulazia mgonjwa. Daktari alitoka mbio, koti jeupe amejifunika kichwani. Hapo ndipo ukweli wa habari yenu unapoishia, chui hakuwepo.

Alifuta miwani muda mrefu. "Mimi siwezi kufungua jicho la mtu ndani ya mzinga," alisema. Kulikuwa na mawingu upande wa ziwa, naye aliyatazama. "Kama mpaka saa nane chumba si safi na maji si safi, sisi kwenda. Kesho mvua."

Nilimtafuta Shangazi. Alikuwa ndani, amekaa kwenye kona ya giza nyuma ya jiko, kanga kichwani. Alikuwa amekwisha kuambiwa.

"Niliwaamuru mimi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Wale watoto walitaka kwenda chemchemi. Nikawaambia, mnataka wageni wa mwanangu waondoke wakisema Kyerwa tulijaza chombo chao maji? Na watu wa Nyabiyonza walituambia, daktari mwenyewe kasema angenawa hata mikono."

"Alisema kweli, Shangazi."

"Sasa wale walioko nje wametembea na upofu wao mpaka hapa, na mimi nimewaharibia. Wafanyieni wao kwanza. Mimi sitoki. Macho yangu yamezoea."

Nilikaa chini mbele yake. Nilikuwa na hasira, si naye, bali na jambo lenyewe: kwamba mwanamke huyu hajawahi kumnyima mtu kitu, na leo ukarimu wake ndio unaomfungia mlango. Nikamwambia hivyo hivyo kama nilivyohisi. Akashusha kanga kutoka kichwani. Kisha akauliza, kwa ile sauti aliyokuwa akiniulizia kama nimenawa miguu, "Hilo tangi lina mdomo mkubwa?"

"Mdogo. Mkono hauingii."

"Kama kibuyu."

"Kama kibuyu."

"Na kibuyu cha pombe nilikufundisha kukioshaje?"

Nilikuwa nimekiosha mara elfu nikiwa kwake: unatia kokoto, jivu na maji ya moto, halafu unatikisa mpaka mkono ufe ganzi, kokoto zinakwangua ndani. "Shangazi, hili linashinda ng'ombe wawili. Nani atalitikisa?"

"Si lina magurudumu?"

Nilitoka nikikimbia. Nikafungua kizibo cha chini cha kumwagia, omuramba yote ikamwagika kwenye migomba, na nyuki wakaifuata huko na kutuacha. Wakwe wa Shangazi walileta jivu na kokoto za mtoni, na wagonjwa wenyewe wakawatuma waliowaleta kuchota maji. Majirani wote waliosaidia kukamua sasa walipanda kilima na mitungi vichwani. Tukamimina maji ya moto, nikafunga, Juma akapanda. Aliendesha lori juu na chini kwenye ile njia mbaya ya ng'ombe, kokoto zikinguruma chini ya sakafu, watu wakikimbia nyuma na kushangilia kama harusi. Mara ya kwanza maji yalitoka kahawia. Mara ya tatu yalitoka safi, tukalijaza tangi upya kwa maji ya chemchemi.

Nami niliifungua pampu kipande kwa kipande juu ya mkeka wa Shangazi, nikatoa nyasi kwa mwiba, nikachemsha kila cha chuma, nikaosha ile ngozi na kuipaka samli upya. Elizabeti alisugua chumba kwa sabuni na maji yanayochemka. Saa nane Daktari alikuja, akasukuma mpini, akakinga mkono, akanusa. Kisha alianza kukunja mikono ya shati, naye Elizabeti akaita mgonjwa wa kwanza.

Shangazi alitaka awe wa mwisho, na hapo hakuna aliyeweza kumbadilisha. Alipolazwa mezani jua lilikuwa limeshainama kabisa. Kazi yangu ilikuwa kusukuma maji Daktari alipohitaji kunawa, basi nilisimama pale pale kwenye beseni na kuugeuzia ukuta uso. Sikuweza kutazama.

"Kamugisha, upo?"

"Nipo, Shangazi. Nasukuma maji."

"Sukuma taratibu. Yametoka mbali."

Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba maji hayakukatika.

Kurudi

Mvua ilianza kunyesha usiku huo, na asubuhi Daktari hakutaka kungoja hata chai. Wagonjwa walikuwa wamelazwa safu moja katika nyumba ya Shangazi, macho yamefungwa, na Elizabeti anapita kati yao akiwakataza kucheka na kukohoa. Nilimshika Shangazi mkono. Hakuruhusiwa kugeuza kichwa.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Ukikwama kwenye matope nitajilaumu tena."

Kwa hiyo niliondoka bila kujua. Nimewaambia wengi kwamba safari ya kurudi ilikuwa fupi na nyepesi, na huo ni uongo. Tulikwama mara mbili kabla ya Bugene, tukasukuma gari matope yakiwa mpaka magotini, na Daktari alipoteza kiatu. Kokoto moja ilikataa kutoka tangini, ikawa inagonga kila shimo, ko, ko, ko, mpaka Bukoba. Juma alisema tuiache, ni nauli ya Kyerwa. Mimi kila ilipogonga niliwaza kitambaa kile machoni mwake, na kama siku watakapokifungua atakuta mwanga au atakuta kile kile alichokizoea. Nilimwuliza Daktari njiani. Akajibu kwamba jicho la mzee ni la Mungu zaidi kuliko la daktari. Sikumwuliza tena.

Wiki zikapita. Ndipo jioni moja, nimo barazani hapa hapa, akafika kijana wa kwao Kyerwa, mtoto wa jirani, aliyekuja kwa basi kutafuta kazi. Alikuwa na kibuyu kimefungwa mdomo kwa jani la mgomba. "Kimetoka kwa Shangazi yako," alisema. "Amesema ukifungue mwenyewe."

Mnanijua. Niliita wote waliokuwepo, nikaagiza vikombe, nikasema leo mtaonja omuramba ya Kyerwa ile iliyomleta daktari matatani. Nikamimina.

Yalikuwa maji. Maji matupu, meupe, ya chemchemi.

Waliokuwepo walitazamana, na mzee mmoja wa kwetu akashusha kikombe chini kwa kuona nimetukanwa. Hata mimi moyo ulinishuka. Nikamwuliza yule kijana, "Amesema nini alipokupa?"

"Hakusema mengi. Alikuwa ametoka kuyachota."

"Nani aliyachota?"

"Yeye. Alikwenda chemchemi peke yake, akashuka na kupanda. Wakwe walitaka kumshika mkono, akawafukuza."

Nilikunywa kikombe changu chote. Vilivyobaki sikumpa mtu.